Pedi za Breki, Arua

Nimekuja na zile kuukuu, nimezifunga kwa gazeti;
zimelika hadi chuma kimejitokeza.
Onzima anazipima kwa kidole gumba.
"Premio. Ile ya marehemu?"
Ile ile.

Anapanga jozi tatu juu ya kaunta.
Za kwanza zina mhuri unaomeremeta kupita kiasi,
herufi moja imekosewa, bei inatabasamu.
Za pili ni orijino; anaapa kwa mama yake,
nami namjua mama yake, kwa hiyo namwamini nusu.
Za tatu zimevuliwa gari lililopinduka Karuma.
"Breki zilikuwa nzima," asema. "Dereva ndiye aliyelala."

Nanusa. Nagonga kwa ukucha.
Nahesabu noti mara mbili, kana kwamba zitazaana.
Ijumaa nateremka Pakwach,
watoto wanne nyuma na gunia la ufuta.

Nachukua za pili.
Filta ya oili itangoja mwezi ujao:
injini hulalamika kabla ya kufa,
mteremko hausemi kitu.

"Hizi mbovu nikutupie?"
Hapana. Nazirudisha kwenye gazeti.
Alizifunga yeye, kwa mkono wake,
akiimba vibaya chini ya gari.