Pambizoni

Nilikinunua gulioni Szeged, Jumapili ya theluji chafu,
ndani ya kasha moja na taa ya kioo kilichopasuka
na soksi za mtoto. Muuzaji alitaka forinti mia nane.
Nikamwonyesha jalada linavyoning'inia kwa uzi mmoja.
"Mia tano," akasema, "na soksi uchukue."

Ilona alikifungua kwa ncha ya kidole, kama agusaye kidonda.
"Vitabu tunavyo. Mtandao tunao. Mama yako tunaye."
Nikaapa nitapika kurasa zote, wa kwanza hadi wa mwisho,
kila Jumatano, siku nisiyoendesha tramu.
Boróka alicheka hadi chai ikamtokea puani.

Ukurasa wa kwanza: supu ya mifupa.
Pambizoni, kwa kalamu ya risasi,
mwandiko umelala kama nyasi baada ya mvua:
*Saa nne, si mbili. Asikudanganye.*
Akanidanganya. Tukanywa maji ya moto yenye karoti,
shingo upande, kijiko kwa kijiko.

Toka siku hiyo jiko langu lina wapishi wawili:
mwenye kitabu, apimaye kila kitu kwa gramu wala hatoki jasho,
na huyu wa pembeni.
Mwanamke, asema Boróka. Babu, asema Gellért.
Lugha yetu haituambii; kwetu yeye ni yeye tu.
Ninachojua ni kwamba alikula chumvi nyingi,
maana kila ukurasa ameandika: *ongeza chumvi.*

*Epua sufuria kabla ya kutia pilipili nyekundu. Ikiungua haisamehi.*
*Géza hali utumbo. Mpe yai.*
*Unga huu ni wa kujengea ukuta.*
*Géza sahani tatu. Hakusema neno.*

Tukaanza kumtaja mezani.
Kabichi iliyofungia nyama: Géza angekula.
Figo: Géza asingegusa.
Siku ya supu baridi ya cheri, Gellért alisukuma bakuli
akasema, "Leo mimi ndiye Géza,"
akapewa yai.

Mwezi wa Machi, kwenye tambi za kukanda kwa mkono,
Ilona ndiye aliyeona.
Alisimama nyuma yangu, kitambaa begani.
"Hebu angalia mayai."

Kitabu kinasema sita.
Sita imekatwa, pembeni nne.
Nne imekatwa, mbili.
Mbili imekatwa kwa wino mwingine, mkono ukitetemeka:
moja.

Tukarudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa, unga vidoleni.
Namba zilikuwepo muda wote.
Viazi vinapungua, vitunguu vinapungua,
na mimi nilidhani ni hesabu za mtu aliyeishiwa pesa.
Maji yalichemka, yakafurika, yakazima moto.
Hakuna aliyeinuka.

"Weka sita," Ilona akasema.
Nikaweka sita.

Kuanzia ukurasa wa tisini na tatu pambizo ni nyeupe.
Jumatano hii ilikuwa samaki wa mtoni, mchuzi mwekundu,
nami nikaunguza pilipili. Nyumba nzima ilikohoa.
Tulifungua madirisha, baridi ya Tisza ikaingia,
ikakaa nasi mezani kama mgeni asiyevua koti.
Nilikuwa nimeonywa, ukurasa wa kumi na moja.
Nilisahau.

Sasa ni usiku, vyombo vimejaa hadi kwenye bomba,
na tramu ya kwanza ni saa kumi na nusu.
Nimepekua droo ya betri zilizokufa
na funguo za milango tusiyoikumbuka,
nikapata kipande cha kalamu, nikakichonga kwa kisu cha samaki.
Mwandiko wangu ni mbaya, umesimama wima kama abiria:

*Epua kwanza. Uliambiwa.*

Na chini yake, kwa kuwa nafasi ilibaki:

*Gellért hali vichwa vya samaki. Mpe yai.*