Maji Yasiyonyweka

Mfereji wa Kuze ulikohoa mara mbili, ukanyamaza.
Leo siku ya sita. Madumu yamepanga foleni ngazini,
hata yale yasiyo na wenyewe,
na kisima cha msikitini kinatoa chumvi tupu.
Niko darini, kompyuta mapajani,
nahesabu maji ya watu wengine:

matangi elfu na kitu, katika nyika ya mbali
ambako saa hizi jua halijatua,
kila moja limejazwa, likafungwa, likatiwa giza,
na ndani yake macho matatu yanakodolea maji
yakingoja mmweko.
Hayanywewi. Hayaogwi. Hayapikiwi wali.

Charo wa Kazungu apanda na madumu mawili,
aniuliza angali ahema:
"Na hao waliofungia maji, wangoja nini?"

Nuru, namwambia. Punje moja ya nuru
yenye kishindo cha jiwe la kombeo.

Protoni ni nyingi. Huja pamoja na viini vya chuma,
hugonga anga juu kabisa, hupasuka,
humwaga myuoni kama arusi imwagavyo watu barabarani.
Lakini sumaku za angani zimezivuta huku, zimezivuta kule;
ukiziuliza kwao ni wapi, hazijui.

Fotoni haipindi.
Ingefika, ingenyoosha kidole: kule.
Ingechelewa kupasuka, ingezama hadi karibu nasi,
myuoni zake chache,
mgeni asiye na mizigo.
Ila njiani kuna nuru kuukuu, ya baridi,
iliyosalia tangu utoto wa ulimwengu,
nayo huila. Nyingi hazivuki.

"Mmeipata?"
Bado.
"Mwaka wa ngapi?"

Nilimwonyesha jedwali badala ya kumjibu.
Kumi na moja zilizofanana nayo,
nikazichambua kama mama achambuavyo mchele wa Idi,
sinia magotini, kidole kikisukuma:
hii protoni iliyojifanya. Hii pia.
Hii, radi ilipiga, tangi likasema uongo.

Charo hakucheka. Aliliendea tangi letu jeusi,
akaligonga kwa kifundo cha kidole, juu,
kisha chini kidogo, kisha chini,
kichwa amekiinamisha kama daktari.
"Tupu mpaka hapa." Akachora alama kwa mkaa.
"Sasa najua nikuletee mangapi."

Niliitazama sana ile alama.
Miaka yote naandika *hakuna*
na haya kidogo usoni,
kama mtoto aliyetumwa Makupa akarudi na kapu lile lile.
Usiku ule niliandika tena:
hakuna; na kama zipo, hazizidi hizi.
Nikapiga mstari mweusi
hapo hasa tulipofika kwa kugonga.

Saa nane za usiku mfereji ukakohoa.
Ngazi nzima ikaamka, miguu mitupu.
Nilishuka na ndoo.
Kompyuta niliiacha juu, wazi,
ikiendelea kugonga.