Hesabu ya Ukutani

Mwalimu Tumwitike, mstaafu wa Katumba,
amenunua jiko la kuoka, la kuchimbiwa ukutani,
kwa kiinua mgongo kilichochelewa miezi kumi na minne.
Limesimama sebuleni ndani ya boksi lake
kama mgeni asiyejua avue viatu au asivue.
Nje, mvua. Tukuyu hainyeshewi,
Tukuyu inashinda mvuani.

"Fundi, waya si huu hapa?
Ulishapita ukutani, wa soketi ya birika.
Na breka nimeshanunua, ya arobaini.
Muuzaji wa pale stendi kaniapia haikati ovyo."

Haikati ovyo.
Maneno hayo mawili yaliwahi kuninyima usingizi mwaka mzima.

Sikuanza na hilo. Nilichungulia kwanza mgongo wa jiko,
kile kibati ambacho wateja hudhani ni pambo:
wati elfu tano na mia sita.
Nikamwambia: breka, Mwalimu, hailindi jiko,
wala hailindi mkate. Inaulinda waya,
huo uliofukiwa kwenye plasta, usio na mdomo wa kusema nimechoka.
Waya mwembamba kwa breka kubwa
ni mtoto aliyetwishwa lumbesa la viazi
na msimamizi aliyelipwa asitazame.

Hakukubali. Bei ya waya mnene aliijua,
na kutoka kwenye LUKU hadi jikoni ni mita kumi na nane.

Ndipo nikaitaja Igurusi.
Nyumba ya wageni, mimi na miaka ishirini na miwili,
waya wa mbili na nusu, breka ya arobaini,
kwa sababu mwenye nyumba alichoka kupanda stuli
kuirudisha kila ikikata.
Usiku wa tatu dari ikanuka plastiki.
Breka haikukata. Ilitulia tuli,
tiifu kwa kosa langu.
Hakufa mtu.
Hilo huwa nalisema peke yake: hakufa mtu.

Mwalimu akanyamaza.
Akaokota kipande cha mkaa,
akaugeukia ukuta usiopakwa rangi
akagawanya kwa njia ndefu, kama yuko mbele ya darasa la tano,
elfu tano na mia sita kwa mia mbili na thelathini.
Ishirini na nne. Ikabaki themanini.
"Ampia ishirini na nne na ushei."
"Ushei ndio unaounguza," nikasema.
"Kuna breka ya ishirini na tano?"
"Ipo. Itapumulia puani kila Jumamosi
ukioka kutwa nzima."
"Basi inayofuata."
"Thelathini na mbili."
"Na waya wa kuibeba bila kuhema?"
"Milimita sita, ndani ya bomba. Wa ardhi uwemo,
ule wa kijani na njano.
Na laini iwe yake peke yake. Birika libaki kwao."

Akapiga mistari miwili chini ya jibu.
Kisha akaenda uani, akarudi na katoni
ya vigae vya maua, vya kuzungushia jiko,
alivyovichagua siku nzima pale Mbeya, Mwanjelwa.
Akaipapasa katoni kidogo, kama kichwa cha mtoto anayehama shule.
"Risiti ninayo. Nirudishie hivi, uniletee waya."

Tulichimba mfereji siku mbili. Plasta ya hapa hainyauki,
inajifikiria.

Jumamosi ya kwanza, mikate kumi na sita.
Majirani walisogea jikoni na makoti yao,
wakainyoosha mikono kuelekea kioo chekundu.
Mimi nilikwenda ukumbini, peke yangu,
nikaugusa ubao wa breka kwa mgongo wa kiganja,
saa ya kwanza, saa ya tatu.

Katika mji huu kila mtu hutafuta joto.
Mimi nilitafuta baridi ya waya,
nikaipata.
Ile hesabu ya mkaa bado ipo, nyuma ya jiko.
Mwalimu alikataa isipakwe rangi.