Mkono wa Leokadi

Sina televisheni. Nina cherehani ya kukanyaga,
mguu wake mmoja umekalia kipande cha tofali
kwa sababu Kadutu hakuna mahali palipo sawa.
Kwa hiyo lile gauni sikuliona. Nililisikia.

Jumanne asubuhi, matope bado yanateremka
kutoka juu sokoni yakipita mlangoni kwangu,
akaingia Nsimire wa sambaza, beseni kichwani:
“Fundi Murhula, jana haukuona Leokadi?”

Leokadi ni yule mama wa mchezo wa saa mbili usiku,
tajiri, mwenye ngazi ndani ya nyumba,
anayeongea Kifaransa ambacho midomo yake haikijui.
“Alishuka ngazi,” akasema Nsimire, naye akashuka,
hapo hapo, kati ya meza ya pasi na ndoo ya maji,
“na mukono ilikuwa hivi.” Akapuliza hewa begani
kama anayewasha makaa.

Nikaandika: mkono wa kupulizwa, mita tatu na nusu.

Saa nne akaja mwalimu Cirhuza.
Hapana, mkono ulianguka, kama masikio ya mbuzi.
Saa sita, mke wa mpima dhahabu:
mkono ulisimama, wima, karibu uguse hereni,
na noti ya dola ishirini juu ya meza,
noti isiyochanika hata pembeni.
Sikubishana naye.

Nilishona yote matatu.
Jumapili yakakutana nje ya kanisa,
buluu, buluu, buluu,
nami nyuma ya muuza mikate nikingoja matusi.
Wakakumbatiana.
“Ni yenyewe!” alisema kila mmoja,
akitazama mkono wake mwenyewe.

Ile buluu, nikwambie, kabla ya Leokadi
Zihindula aliwauzia watengeneza majeneza tu.
Ndani ya miezi miwili bei ikapanda
hadi marehemu wetu wakaanza kulala kwenye kijani.
Seremala mmoja alikuja kunitukana dukani.
Na vikombe! Leokadi alinywa kahawa
katika kikombe chenye mdomo wa dhahabu,
na mtaa mzima ukanunua mdomo wa dhahabu,
sukari tutakopa.

Mwezi wa tatu jirani akaniita: “Njoo basi uone kazi yako.”
Nikaketi sakafuni na watoto, magoti kidevuni.
Akashuka ngazi.

Mkono ulikuwa mdogo.
Mdogo kabisa, wa kawaida, wa mwanafunzi.
Nikadhani nimekosea mwanamke.
Halafu akapita mbele ya kioo,
akageuka, kufumba na kufumbua,
na mgongoni, pale ambapo hakuna aliyetakiwa kuangalia,
pini. Nne. Zimebana kitambaa cha ziada
chini ya shingo hadi kiunoni.
Gauni halikukatwa kwa ajili yake.
Lilikuwa la mwanamke mwingine, mnene kidogo,
na fundi wa huko, popote huko,
alipewa usiku mmoja tu, na taa mbaya.
Ninamjua. Sijawahi kumwona, ninamjua.
Ana chaki kwenye kucha na anadaiwa kodi.

Umeme ukakatika.
Nyumba yote ikalia “aaah” kama goli limekosekana.
Mimi peke yangu niliendelea kuona.

Kesho yake Nsimire, beseni lile lile,
mkono wa kupulizwa umelowa maji ya samaki
na bado umesimama, mita tatu na nusu zangu,
mvua mbili zimeupiga haujainama:
“Sasa umeona. Ilikuwa vile nilikuambia?”

Nikamtazama.
“Wako unaushinda,” nikasema.
Akacheka, akatoa nusu ya deni.
Alidhani namsifu ili alipe.
Na hilo nalo nililitaka.