Jina la Nne

Mnyororo wa baiskeli ulikatika Ngomeni,
katikati ya mkonge, pasipo fundi wala kivuli.
Niliikokota hadi Muheza, mikono grisi tupu,
nikiipanga njiani sentensi ya kumwambia mkuu.
Mkuu alikuwa Korogwe, mkutanoni.
Sentensi nikaimeza ilivyo.

Darasa la sita lilikuwa kimya.
Mezani kwangu, kando ya kifutio,
karatasi ya Tunu Semkiwa, kiranja wa zamu,
kwa mwandiko wake ule usioegemea popote:

Waliochelewa, Jumanne.
Hatibu Shemdoe.
Mwanahawa Kilua.
Bahati Mntambo.
Mwalimu Sempombe, saa mbili na dakika kumi na saba.

Hakuna aliyecheka.
Wangecheka, ningejua la kufanya.

Sheria niliitunga mwenyewe mwezi wa kwanza,
nikaiandika ubaoni kwa chaki ya njano:
atakayechelewa, ndoo mbili, bombani hadi chooni,
na udhuru usiletwe.
Hatibu aliwahi kuuleta. Mama yake alikuwa anajifungua.
Nilimwonyesha ubao.

Wale watatu walikwisha kutoka na ndoo zao.
Mlangoni ilibaki moja ya bluu, mkono wake waya.
Sitasema iliwekwa pale kwa ajili yangu.
Sitasema haikuwekwa.

Kalamu nyekundu ilikuwa mfukoni.
Nikalikata jina la nne kwa rula,
mstari mmoja, nadhifu, kama ninavyosahihisha,
nikasema, "Fungueni ukurasa wa arobaini. Sehemu."
Tukaligawa chungwa la ubaoni vipande sawa sawa
na huko nje bomba likijaza ndoo za wenzao,
chururu, chururu,
kipindi kizima.

Tunu hakununa. Alinyoosha kidole, akajibu, akapata.
Ila Jumatano karatasi ilikuja na kichwa tu:
Waliochelewa. Chini yake mistari ya daftari, mitupu.
Na Hatibu nilimwona kwa macho yangu
akiingia saa mbili na nusu, viatu mkononi,
matope hadi magotini.
Alhamisi, mitupu.
Ijumaa nikauliza,
"Kiranja, wiki hii hakuna anayechelewa?"
"Nimeandika wote wanaoandikika, mwalimu."

Ndoo nilibeba, msiniulize. Jumamosi,
shule haina mtu, mbili kamili,
nikaongeza ya tatu, ya riba,
shahidi wangu mbuzi wa mlinzi.
Maji yalifika chooni kama maji mengine.
Lakini deni la mbele ya watu
halilipwi uani.

Jumatatu niliwahi kuliko kengele.
Tunu alikwisha kukaa, anachonga penseli.
Nikamwomba ile karatasi ya Jumanne,
nikasema kuna kosa, nataka kulirekebisha.

"Ulikwisha kuisahihisha, mwalimu," akasema,
akapuliza unga wa penseli
ukaangukia dawati,
akaufuta kwa kiganja.