Ukurasa wa Arubaini na Moja

Alhamisi, baada ya isha, Al-Khoudh,
nilivua viatu mlangoni pa Bi Zuweina
nikahesabu vya waliotangulia: jozi tisa.
Nusura nirudi.

Kitabu changu ni fotokopi iliyobanwa pini,
kurasa mbili zimetoka kichwa chini.
Harub, mwalimu wa hesabu, akanisogezea mto:
"Kaa. Humu hakuna ajuaye. Tunabishana tu."

Wakabishana kweli, juu ya wema, juu ya dola,
Kiarabu kikikatiza Kiswahili
kama jirani aingiaye bila hodi.
Mimi kimya. Nala halua.

Tukafika ukurasa wa arubaini na moja,
pale Myunani wetu anapowataja watumwa
kama mtu anavyotaja vyombo vya jikoni,
na sentensi inaendelea, haina habari.

Kiyoyozi kikasikika.
Kila mtu akapata la kutazama kwenye zulia.

Nikasema, sijui sauti niliitoa wapi:
"Bibi yangu mzaa mama aliitwa Zafarani.
Hilo si jina la ukoo. Ni kiungo,
hupimwa kwa mizani ndogo."

Bi Zuweina alikuwa ameinua birika.
Hakumimina.
Harufu ya zafarani ikatoka mdomoni mwa birika
ikazunguka chumba, ikimtafuta mwenyewe.

"Mizani hiyo," akasema mwishowe,
"ilikuwa kwetu. Nimeichezea utotoni."

Hatukuimaliza sura.
Wiki ijayo tunaanzia papo hapo, mstari uleule,
na nimeambiwa nisome mimi,
kwa sauti, polepole,
nisiruke neno.