Kona ya Friji

Saa nne za usiku, Ruwi, nyuma ya duka la vitambaa,
mkahawa wa meza saba, na sisi ndio ya nane.
Nje Agosti inatuchemsha kama mihogo,
ndani kiyoyozi kinatugandisha;
hatujakaa vizuri, nyuzi zimeshahama zote,
na Zahor anazo sabini na mbili mapajani.

"Hebu kizime hicho kidude," anasema Mbarouk,
akipaka ulimbo upinde wake.
"Mie nilifunzwa kutia sauti kwa kofi.
Ukikosea, kofi. Hakukuwa na taa ya kijani."

Zahor hajibu. Amekibana ukingoni mwa kanuni,
kadogo, kama kibanio cha nguo,
zawadi ya mjukuu wake Ghanim, kutoka Dubai.
Anakaza, anatazama. Analegeza, anatazama.
Nyekundu. Nyekundu. Kijani.

"Kikifika bayati kinachanganyikiwa," nasema mie.
"Ile sauti ya pili, ya katikati, hakiijui.
Kinatetemeka kama karani aliyeulizwa
huyu ni wa huku au wa kule."
Bi Thuwayba anacheka mpaka rika linalia lenyewe.
"Karani wangu wa pasipoti, yakhe, sabini na nne!
Aliniambia: bibi, chagua."

Tunahesabu vijumba tulivyopigia.
Stoo ya Mabela, baina ya magunia,
vumbi la unga puani, kila kituo chafya.
Sebule ya Al Khodh: besi likakataa mlango,
likapitishwa dirishani kama mwizi,
watu wakalishangilia kuliko bibi arusi.
Na hapa hapa, mwezi uliopita,
upinde wa Mbarouk ulimdunga Shaji
na sinia la biriani la watu sita;
mpaka leo imo punje ndani ya fidla,
ukiitikisa inajibu.

"Na ukumbi wa Ghala tumeukosa hivi hivi,"
anasema Mbarouk. "Viti mia tano! Jukwaa!
Chumba chetu wenyewe cha kuvalia!
Nani kakataa? Huyu. Ati mgongo."

Zahor bado anatazama taa.
Ndipo nikaona: taa imekuwa kijani kitambo,
na kidole chake bado kinauuliza uzi.
Nikamwita. Nikamwita tena, kwa kushoto kwake.
Friji la soda linanguruma,
Shaji anapiga kelele za oda jikoni,
Zahor kimya, kama mtu anayesoma barua.

Bi Thuwayba akamgusa bega.
"Tangu lini?"
"Tangu Ramadhani. La kushoto limefunga duka.
La kulia linafungua asubuhi tu."
Hakuna aliyecheka.
Kisha tukacheka, yeye wa kwanza.

"Kule Ghala," akasema, "mngekaa mbali nami,
hatua nne, tano, kila mtu na kiti chake.
Ningepiga peke yangu mbele ya watu mia tano.
Hapa goti lako limo mbavuni mwangu,
besi la Hemedi linanikoromea mgongoni.
Nikikosea, mifupa inaniambia."

Mbarouk akaweka ulimbo chini.
Akasogeza kiti pasipo na pa kusogea,
mpaka chupa za ndani ya friji zikagongana.
Akakichukua kile kidude, akakifuta kwa kanzu,
akakibana tena pale pale, wima.
"Hiki kikupe zile zinazojulikana," akasema.
"Ile ya kati nitakupa mimi, kwa mguu.
Nikikukanyaga mara moja, panda. Mara mbili, shuka."
"Na mara tatu?"
"Mara tatu nimekukasirikia tu."

Tukaanza. Wateja wawili,
na mtoto aliyelalia mkate.
Friji likashika sauti yake moja, nzito,
ambayo hakuna taa inayoijua.
Chini ya kanuni, kubadhi la Mbarouk:
mara moja.
Bado.
Mara moja tena.